Kipima mvua cha plastiki cha Mwanjelwa, chukueni

Wakuu, kwa yeyote anayelima huku Rungwe au Uyole, vile vipima mvua vya plastiki vinavyouzwa maduka ya pembejeo pale Mwanjelwa, Mbeya, ni vizuri sana, changu nimekifunga kwenye nguzo katikati ya viazi, mbali na migomba na mbali na bati. Kina alama mpaka milimita 150. Asubuhi nasoma, namwaga, naandika kwenye daftari basi.

Ila faida kubwa kwangu ni kwamba sa hivi nikisikia namba za mvua kwenye taarifa ya habari nazielewa kabisa. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Sasa chukua ile Daniel ya Septemba 2023, kimbunga cha Bahari ya Mediterania, nje kabisa ya tropiki (ukanda wa joto), kule Al-Bayda Libya ilipimwa milimita 414 kwa masaa 24, yani kipimo changu kingejaa mara mbili na cha tatu kingekaribia kujaa, ni madumu 20 ya lita 20 kwenye kila mita ya mraba jamani, kwenye nchi kame vile! Usiku wa kuamkia tarehe 11 mabwawa mawili juu ya mji wa Derna yakapasuka, watu maelfu wakafa. Inaniuma mpaka leo.

Vimbunga tunavyovijua sisi ni vya Bahari ya Hindi, kama Freddy iliyoipiga Malawi hapo jirani Machi 2023, vinataka maji ya moto, nyuzi 26 kwenda juu. Vya Mediterania vinaweza kuzaliwa hata maji yakiwa chini ya hapo, kwa sababu hewa ya baridi inatoka kaskazini inajitenga inakaa huko juu angani, chini bahari bado ina joto la kiangazi, ile tofauti ndo inayopandisha mawingu kwa nguvu mpaka katikati panakuwa na joto na wakati mwingine jicho, lile tundu la katikati lisilo na mawingu, linaonekana kabisa kwenye picha za setilaiti. Ni vidogo na havikai siku nyingi, ila Ianos ya Septemba 2020 iliwaumiza sana Wagiriki.

Kasoro ya kipimo ni moja, alama za wino zinafutika na jua, mi nimezikwaruza upya na ncha ya msumari. Na msichukue kile kidogo cha milimita 35 eti kwa sababu ni bei rahisi, mvua zetu za Aprili zinakijaza usiku mmoja na hutajua zilizomwagika ni ngapi.