Leseni ya daraja A nimepata, ila klachi ya chuo kile siisamehi

Leseni ya pikipiki ninayo, kwa hiyo asije mtu hapa akasema nina kinyongo cha aliyefeli. Chuo chenyewe cha udereva kipo Mtwara mjini, jina sitaji. Ila ukifika uwanjani ukakuta pikipiki ya mazoezi ni moja na watu wanapokezana kama ndoo ya kisimani, bana klachi kwanza kabla hujatoa hata shilingi.

Mkono wa klachi unatakiwa uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 pale kwenye ncha, kisha ndipo uanze kuvuta waya. Mchezo ukizidi, sahani za klachi haziachiani sawasawa: umebana mkono wote, gia ya kwanza imo, na pikipiki bado inatambaa. Ukisimama, inazima. Nyutro unaitafuta kwa dua. Mchezo ukiisha kabisa nako ni balaa lingine, injini inalia, pikipiki haivuti, sahani zinaungua.

Ya kwao ilikuwa ile shida ya kwanza, mchezo kuzidi. Ukikunja mpira wa vumbi pale kwenye mkono unaona wazi: nyuzi kadhaa za waya zimekatika karibu na kichwa chake, zimesimama, zinachoma kidole. Kila uzi ukikatika, zilizobaki zinabeba mzigo na kurefuka, mchezo unaongezeka. Na wao kila asubuhi ni kuzungusha skrubu ya juu, mpaka imetoka karibu yote na haina tena pa kwenda. Hapo hakuna marekebisho, ni waya mpya tu! Shilingi elfu chache. Unaupitisha oili, unarudisha skrubu ya juu ndani, kipimo kikubwa unakitafutia kwenye nati za chini kule injini, kidogo kinachobaki unamalizia kwa skrubu ya juu.

Nikamwonyesha mwalimu wa uwanjani. Jibu lake, mbele ya watu wote: "Dada, dereva mbovu ndiye anayelaumu pikipiki. Kama hii ngumu, kapande bajaji."

Kapande bajaji! Ada wameshakula, risiti ninayo mkononi.

Tena anayesema hivyo ni mwalimu anayejua kwamba namba nane, ule mzunguko wa polepole kati ya koni, yote ni klachi. Unaingia na gia ya kwanza, mafuta unayashika mahali pamoja bila kuyapandisha na kuyashusha, klachi unaishikilia pale inapoanza kushika, kasi unaipunguza kwa breki ya mguu kidogo kidogo. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekatwa, hasa kwenye viwanja vyetu hivi vya mchanga, tairi la mbele linateleza na uko chini. Macho yaende kwenye koni inayofuata, ukiitazama iliyo mbele ya tairi utaigonga. Sasa klachi isiyo na mahali pa kushikia unaifanyia nini? Watu walikuwa wanakanyaga chini kila kona, wanazomewa, na cheni nayo imelegea inashtuashtua. Cheni ya pikipiki kama ile, ukiibinya katikati upande wa chini, icheze milimita 20 hadi 30 hivi. Ile ilikuwa inaning'inia.

Nikubali moja: darasani hawana mpinzani. Mwalimu wa alama ni mzee mmoja mpole, anakueleza pembetatu ya onyo, duara jekundu la katazo na duara la buluu la amri mpaka zinakaa kichwani. Kwenye mzunguko, unampisha anayetoka kulia kwako, basi. Na ndiye aliyetutahadharisha kuhusu gia, jambo ambalo mwenzake wa uwanjani hakuligusa kabisa. Kuna pikipiki ambazo gia zote unakanyaga mbele, na kuna ambazo ya kwanza unakanyaga, nyingine unanyanyua. Ukizoea aina moja ukapewa nyingine mbele ya trafiki, uko ya pili unataka ya tatu, unakanyaga, unajikuta ya kwanza na gurudumu la nyuma linabana. Uliza mapema mtihani utafanyika kwa pikipiki ipi. Barabarani pia alituandaa vizuri, maana msimu wa korosho malori yanafuatana kuelekea bandarini na upepo wake unakuyumbisha.

Kwa ajili ya mzee huyo nilitaka kutoa nyota nne. Nyota nne kabisa, na ningemshauri mtu aende.

Halafu nakumbuka tena kwamba wengi wetu tulilipia daraja A, la pikipiki yenye injini inayozidi cc 125, kwa sababu pikipiki nyingi za bodaboda huku ni 150. Ya mazoezi ilikuwa 125. Nikikumbuka hilo, na ule mdomo, hapana. Mbili. Zote mbili ni za mzee.

Ukiamua kwenda, waulize kama wanaruhusu uje na pikipiki yako ya mazoezi, klachi umeipima mwenyewe. Wakikataa, lipia darasa peke yake, uwanja katafute kwingine. Na yule wa bajaji akikuelekeza chochote, mwambie kwanza akunje mpira wa vumbi.