Nafasi Art Space Mikocheni, siku niliyompeleka mpwa wangu

Kama una mtoto nyumbani anachorachora kwenye madaftari na kila siku unamgombeza, mpeleke Nafasi, kituo cha sanaa kilichopo Mikocheni, Dar, nasema hivyo mapema kabla sijasimulia maana ndo kilichonifanya niandike.

Mpwa wangu yuko form two. Daftari lake la baiolojia lina picha nyingi kuliko noti, mama yake kashachoka, akaniambia wewe ndo mjomba wake hebu ongea nae. Mi nikaona maneno ashasikia ya kutosha, nikamchukua Jumamosi moja tukaenda zetu.

Tulishuka Mwenge, pale penye vinyago, tukachukua bajaji. Nafasi iko Mikocheni B, barabara ya Eyasi, kule kwenye eneo la viwanda vidogo, kwa hiyo usishangae unapita mageti ya magodauni na malori halafu ndo unafika. Dereva wetu alisema anapajua, kumbe hapajui kabisa, katuzungusha weee mwisho anataka tumwongezee hela. Kubalianeni bei kabla hujapanda na umtajie Eyasi, ukimwambia tu "kule kwa wachoraji" atakupeleka anakojua yeye.

Sasa ukiingia getini. Ni uwanja una miti, na pembeni makontena, haya haya ya melini mnayoyaona yanatoka bandarini, wameyageuza studio. Kila kontena na msanii wake, mlango wazi. Sisi siku ile hatukulipa kitu, ila kukiwa na shoo au tamasha kiingilio kinaweza kuwepo, angalia kwanza. Niseme ukweli nilikuwa na wasiwasi, maana niliwahi kwenda maonyesho sehemu moja mjini, siitaji, mlinzi alituangalia kuanzia viatu mpaka kichwani akauliza mnamtafuta nani, na ile kitu ilinikaa rohoni miaka. Hapa hakuna aliyetuuliza hivyo. Dogo alikuwa anajibanza nyuma yangu mwanzoni, baadae mimi ndo nikawa namtafuta.

Nilimkuta kwenye kontena la dada mmoja mchoraji. Kamwamkia shikamoo, kaitikiwa marahaba, kapewa ndoo ya rangi iliyogeuzwa juu chini akalie. Yule dada alikuwa na turubai kubwa kalisimamisha ukutani, kapaka bluu nzito juu yote, halafu kachukua kadi ya benki ya zamani akaanza kuikwangua ile bluu kabla haijakauka. Mwenzenu moyo uliniuma, nikajua anaharibu. Dogo akamuuliza, "dada mbona unafuta?" Akasema, "sifuti, natafuta." Na kweli, chini ya ile bluu kulikuwa na njano aliyoipaka siku za nyuma, kila anapokwangua kamstari ka njano kanatokea, kidogo kidogo mpaka tukaona ni madirisha, nyumba za usiku zimewashwa taa. Sijawahi kuona kitu kama kile kwa karibu vile, mpaka harufu ya rangi unaisikia na kakelele ka kadi kwenye turubai, krr krr.

Halafu kuna hiki nilikielewa pale pale. Kontena la futi 20 upana wake ni futi 8 tu, ukichora kitu kikubwa huna pa kurudi nyuma ukiangalie. Basi yule dada anachora dakika kadhaa, anatoka nje mpaka chini ya mti, anasimama kimya anaitazama kazi yake kupitia mlangoni, anarudi ndani anapaka sehemu moja ndogo sana, anatoka tena. Nilimhesabia mara kumi na moja. Mi miaka yote nilidhani mchoraji anakaa chini picha inamtoka tu kama maji ya bomba, kumbe muda mwingi ni kuangalia. Na ndo maana nawaambia msiende kuangalia picha ukutani mkaondoka, piteni kwenye studio, salimieni, ulizeni. Wanajibu vizuri mno.

Ukumbi wa maonyesho nao upo, tulipita, kuna kazi za nguo, waya, vyuma vya skrepa, zingine sikuzielewa na sioni tabu kusema hivyo. Chakula sitakielezea, nendeni mmekula. Kontena ni chuma na jua la Dar mnalijua, wahini asubuhi au subirini lipoe jioni.

Nafasi ipo tangu 2008 na mimi mkazi wa Dar nimeenda mwaka huu, hilo linaniuma kidogo. Wana mpaka Nafasi Academy, vijana wanafundishwa sanaa pale pale. Shuleni kwetu uchoraji ulikuwa kitu cha kujaza kipindi mwalimu asipokuja, mwisho wa upeo wetu ni picha za Tingatinga za kuuzia watalii, na hata huyo Edward Saidi Tingatinga hakuna aliyetueleza kwamba alianza na vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, pale Oysterbay, akafariki 1972 hata hajachora miaka mingi, na bado watu wanachora kwa jina lake mpaka leo.

Hiyo ya hadibodi nilimsimulia dogo kwenye daladala tunarudi. Akanyamaza mpaka tunakaribia kushuka, ndo akasema mjomba, lile kabati bovu la bibi uani, mgongo wake si hadibodi? Jumapili asubuhi nikamkuta ameshaung'oa, anausugua vumbi na kitambaa.