Long-EZ ya mtumba: itazame koki ya mafuta kabla ya kuuliza bei

Long-EZ, ndege ndogo ya viti viwili iliyobuniwa na Burt Rutan wa Marekani na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1979, haikuuzwa ikiwa imekamilika. Mnunuzi alipata michoro, kisha akaijenga mwenyewe. Injini yake imefungwa nyuma, umbo lake ni jembamba, na hufika mbali kwa mafuta kidogo, sifa ambayo naitambua bila kusita. Shaka yangu ni juu ya ile iliyokwisha kujengwa na mtu mwingine, kwa kuwa anayeinunua hununua pia maamuzi ya fundi asiyemjua.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ndege aliyoinunua mwimbaji John Denver, iliyoanguka baharini karibu na Pacific Grove, California, tarehe 12 Oktoba 1997, na kumuua. Matangi ya Long-EZ ni mawili, injini hunywa kutoka tangi moja kwa wakati, na rubani ndiye anayegeuza koki. Michoro huiweka koki hiyo mbele, katikati ya miguu yake. Aliyeijenga ndege ile hakutaka mabomba ya mafuta yapite kwenye chumba cha rubani, akaihamishia nyuma ya bega la kushoto: aliruka majivu, akakanyaga moto. Ili kuifikia, rubani alipaswa kuachia mpini wa kuongozea ndege na kupinda kiwiliwili chote. Koki yenyewe haikuwa na alama, wala vioo vya kuonyesha kiasi cha mafuta, ambavyo navyo vilikuwa nyuma yake, havikuwa na vipimo.

Kabla ya kuruka kutoka Monterey, fundi alimpa Denver kioo cha kujitazamia ili avione vioo hivyo vya mafuta vilivyokuwa nyuma yake, na jaribio la kurefusha mpini wa koki kwa koleo halikufaulu. Hata hivyo Denver alikataa kuongezewa mafuta, akisema angeruka kwa muda wa saa moja hivi.

Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, ilihitimisha kwamba alipokuwa akihangaika na koki alikanyaga kanyagio la usukani upande wa kulia bila kukusudia, ndege ikamponyoka. Kutojaza mafuta kulihesabiwa miongoni mwa sababu za ajali; mahali pa koki na uzoefu wake mdogo katika aina hiyo ya ndege vilitajwa kuwa vilichangia, ingawa alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za urubani. Wapo wanaomtupia rubani lawama zote. Mimi naona kwamba chombo kinachomlazimu mtu ageuke nyuma angani ili injini isizimike kina kasoro hata matangi yakiwa yamejaa, maana safari ndefu, ambayo ndiyo sifa kuu ya Long-EZ, haikwepi kubadilisha tangi.

Kwa hiyo anayeitaka ya mtumba aketi kwanza ndani ikiwa chini, afunge mikanda, aweke miguu kwenye makanyagio, kisha aigeuze koki huku macho yakibaki mbele. Ikiwa bega litalazimika kugeuka, muuzaji airudishe koki mahali michoro inapoonyesha, au atafute mnunuzi mwingine.