Mtori wa nyuma ya stendi, Moshi

Wageni wengi wakishuka Moshi wanawaza mlima tu: mabegi juu ya gari, haoo Marangu. Kuleni kwanza jamani. Nyuma ya stendi kuna kibanda cha mabati, hakina hata kibao, na mama wa pale anajua mtori. Anatumia ndizi mshare, anaziponda kwa mwiko kwenye supu ya mifupa hadi ziwe uji mzito, nyama inaachia mfupa yenyewe. Bakuli linakuja linafuka, ndimu pembeni, pilipili mbuzi nzima. Chapati zake ngumu, achaneni nazo. Machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, ndiyo yanagombaniwa (na wenyeji, si watalii). Ukifika saa nane mchana unakuta sufuria imeshaoshwa. Mwamkie kwanza, hapendi mtu anayeanza na bei.