Safari fupi ya jangwani nchini Moroko: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Mgeni anayekaa Marrakech siku chache huuziwa "usiku mmoja jangwani" katika mapokezi ya karibu kila hoteli, na picha anayoonyeshwa haibadiliki: msafara wa ngamia juu ya matuta ya mchanga yenye rangi ya chungwa, mahema meupe, na moto uliowashwa katikati. Nyuma ya picha hiyo moja kuna safari tano zisizofanana kwa umbali, kwa gharama wala kwa kile utakachokiona, na mojawapo haina matuta ya mchanga kabisa. Wengi wanaorudi wakinung'unika hawakudanganywa waziwazi. Walinunua safari halali ambayo haikuwa ile waliyoikusudia.

Kipimo ninachokitumia katika mwongozo huu ni kimoja, nacho ni saa ambazo msafiri anakaa mchangani zikilinganishwa na saa anazokaa garini. Muuzaji atakutajia idadi ya siku, idadi ya milo na idadi ya vituo vya njiani, kwa sababu hayo ndiyo yanayopendeza kwenye karatasi. Wewe muulize utafika kwenye matuta saa ngapi na utayaacha saa ngapi. Safari ya siku mbili inayokufikisha jua likiwa limekwisha kuzama, na kukuondoa kabla ya saa mbili asubuhi, imekuuzia usingizi ndani ya hema na si zaidi.

Kuna maneno mawili ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kufungua mkoba. Sehemu kubwa ya Sahara ni mawe na changarawe, na mchanga hufunika takriban robo tu ya eneo lake. Uwanda wa mawe huitwa hamada, na bahari ya matuta huitwa erg. Watalii wanaokwenda Moroko hupelekwa kwenye erg mbili kubwa: Erg Chebbi, iliyo kando ya kijiji cha Merzouga upande wa kusini-mashariki, na Erg Chigaga, iliyo magharibi ya M'Hamid El Ghizlane. Safari inayotoka Marrakech bila kutaja mojawapo ya majina hayo kwa maandishi haitakufikisha kwenye matuta makubwa, hata picha yake iwe nzuri namna gani.

Nafasi ya kwanza: siku tatu kutoka Marrakech hadi Merzouga, na kumalizia Fès

Kutoka Marrakech hadi Merzouga ni takriban kilomita 560, na gari huhitaji saa tisa au kumi bila kuhesabu mapumziko, kwa hiyo hakuna njia ya haki ya kuifanya safari hii kwa siku mbili. Siku ya kwanza barabara huipanda milima ya Atlas hadi kipito cha Tizi n'Tichka, chenye kimo cha takriban mita 2,260, kisha hushuka hadi ngome ya udongo ya Aït Ben Haddou, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987. Usiku wa kwanza hulalwa katika bonde la Dadès. Siku ya pili huanza kwa korongo la Todra, karibu na mji wa Tinghir, ambalo kuta zake za mwamba hufikia mita 300, na kama dereva hakupoteza muda njiani, unafika Merzouga alasiri, jua likiwa bado lina nguvu ya kuyapaka matuta rangi.

Erg Chebbi inastahili safari hiyo yote. Matuta yake hufikia takriban mita 150 na yameenea zaidi ya kilomita ishirini kutoka kaskazini hadi kusini, tena yanaanza ghafla, kana kwamba mtu ameyamwaga juu ya uwanda mweusi wa mawe. Kijiji kiko upande wa magharibi wa erg, na kwa sababu hiyo jua huchomoza nyuma ya matuta na kuzama juu ya hamada. Mtu aliyepanda tuta refu jioni huona kivuli chake mwenyewe kikirefuka kuelekea mpaka wa Algeria.

Kosa la wanunuzi wengi liko katika siku ya tatu. Safari ya kawaida huwarudisha watu Marrakech kwa siku moja, na siku hiyo nzima huishia garini. Kwa idadi ile ile ya siku unaweza kununua safari inayomalizikia Fès, ambako ni takriban kilomita 470, kupitia mitende ya bonde la Ziz, mji wa Midelt na misitu ya mierezi ya Azrou. Hakuna barabara utakayoirudia, na mji mpya unakusubiri mwishoni. Ikiwa tiketi yako ya ndege inatoka Marrakech, ni afadhali kurudi kwa treni kutoka Fès siku nyingine kuliko kuivuka Atlas mara mbili ndani ya siku tatu. Na ikiwa unayo siku ya nne, usiitumie kwa korongo jingine. Iweke Merzouga, ulale kambini usiku wa pili, kwa sababu siku nzima isiyo na safari ndiyo inayokufanya ulisikie jangwa.

Udhaifu wa Merzouga ni wingi wa watu. Katika msimu wa wageni, pikipiki za magurudumu manne huyapanda matuta yaliyo karibu na kijiji, na mlio wake husikika mbali sana mahali penye ukimya kama pale. Ndiyo maana mahali kambi ilipo ni jambo kubwa kuliko uzuri wa mahema yake, nami nitalirudia hapa chini.

Nafasi ya pili: Erg Chigaga

Hii ndiyo safari ningeiweka ya kwanza kwa mtu asiyebanwa na fedha. Lami huishia M'Hamid El Ghizlane, na kutoka hapo kuna zaidi ya kilomita 50 za njia ya changarawe na mchanga, ambazo gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne huzimaliza kwa takriban saa mbili. Kando ya matuta hakuna kijiji wala taa za umeme za barabarani, na usiku giza lake ni giza kweli.

Ugumu wa kufika ndio unaoihifadhi, na ndio huohuo unaoipandisha bei, kwa kuwa gari kubwa la kundi haliwezi kukuchukua hadi mwisho. Nunua siku tatu, si mbili. Uliza pia njia ya kurudi: safari nyingi hutoka kupitia Foum Zguid, zikilivuka bonde kavu la ziwa Iriqui, ambalo lilirudiwa na maji baada ya mvua kubwa za Septemba 2024, ilhali lilikuwa kavu kwa miongo mingi. Dereva anayeijua njia atakueleza bila kusita kama inapitika wiki hiyo. Kwa familia yenye mtoto mchanga au mtu mwenye ugonjwa unaoweza kuhitaji daktari wa haraka, nashauri Merzouga badala yake, maana Erg Chigaga iko mbali na hospitali.

Nafasi ya tatu: kwenda Merzouga mwenyewe na kununua usiku tu

Mabasi ya Supratours huenda Merzouga kutoka Marrakech na kutoka Fès. Ukitoka Marrakech utakaa ndani ya basi takriban saa kumi na mbili, na hilo ni zito kwa mwenye muda mfupi, lakini ukishafika unanunua kile tu unachokitaka: ngamia, hema, chakula cha jioni na kifungua kinywa. Unaweza kuona kambi kwa picha za siku ile, kuzungumza na mwenye kambi, na kuahirisha kwa siku moja ikiwa upepo ni mkali. Panga na kambi kabla hujaondoka mjini, ili usifanye mapatano ukiwa umechoka, mbele ya watu wanaongoja mabasi kwa ajili ya hilo.

Nafasi ya nne: Agafay

Agafay iko mwendo wa chini ya saa moja hadi saa moja kutoka Marrakech. Ni nyika ya mawe yenye vilima vilivyo wazi, na milima ya Atlas, mara nyingine ikiwa na theluji, huonekana kwa nyuma. Hakuna erg. Anayeinunua akijua hivyo hupata jioni tulivu bila uchovu wa barabara, na kwa wazee au watu wenye usiku mmoja tu, hili ni chaguo la busara. Kambi nyingi za huko zimejengwa kwa ajili ya starehe, hivyo hakikisha hulipii bwawa la kuogelea ambalo hutaligusa.

Nafasi ya tano: siku mbili hadi Zagora

Hii ndiyo safari ya bei nafuu inayouzwa sana, nami naiweka mwisho bila wasiwasi. Zagora iko takriban kilomita 360 kutoka Marrakech, na kilomita hizo ni za kwenda tu. Unaivuka Atlas leo na kuivuka tena kesho, na katikati unapewa matembezi mafupi ya ngamia na kambi iliyo kwenye uwanda mkavu wenye matuta madogo. Bonde la Draa na mitende yake ni zuri mno, na mji wenyewe una kibao mashuhuri kinachosema kwamba Timbuktu iko umbali wa siku 52, bila shaka kwa mwendo wa ngamia. Lakini mtu aliyekuja kwa ajili ya bahari ya mchanga ataondoka hajaiona. Mwenye siku mbili tu aende Agafay na kuutumia muda uliobaki ndani ya Marrakech.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa arbuni

La kwanza ni mahali kambi ilipo. Neno "jangwani" laweza kumaanisha ndani ya matuta, na laweza kumaanisha ukingoni, hatua chache kutoka barabarani, taa za kijiji zikionekana. Omba jina la kambi na alama yake kwenye ramani ya simu, kisha itazame mwenyewe kwa picha za setilaiti. Muuzaji anayejibu kwamba jina la kambi litajulikana siku ya safari anamaanisha kwamba utapelekwa palipo na nafasi.

Uliza kama choo na bafu ni vya pamoja au viko ndani ya hema, na kama kuna mablanketi ya kutosha. Desemba na Januari joto la usiku linaweza kushuka hadi karibu na nyuzi sifuri, wakati mchana wa Julai na Agosti hupita nyuzi 40, hali inayoufanya usiku ndani ya hema kuwa mateso. Miezi bora ni Oktoba na Novemba, kisha Machi na Aprili, ingawa majira ya kuchipua huleta pepo zinazorusha mchanga. Wakati wa baridi theluji huweza kuifunga Tizi n'Tichka, kwa hiyo mkataba useme nini kitatokea njia ikifungwa. Anayefuata nyota aitazame kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe: siku za giza, katika Novemba, Kilimia huonekana wazi kabisa, ilhali mbalamwezi huzifunika nyota nyingi lakini huyaangaza matuta kwa uzuri wake.

Kuhusu ngamia, mwendo wa saa moja hadi moja na nusu ndio wa kawaida, na tandiko huwa halina mahali pa kuegemeza miguu, hivyo mwenye maumivu ya mgongo na mjamzito waombe gari au watembee. Ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza na hupiga magoti ya mbele kwanza, na mara zote mbili mpandaji husukumwa mbele; egemea nyuma na ushike kwa mikono miwili. Mnyama mwenye vidonda chini ya tandiko asipandwe, na ni haki yako kusema hivyo papo hapo.

Bei ya kundi hutegemea mambo ambayo hayatajwi: chakula cha mchana cha njiani na vinywaji kwa kawaida hulipiwa pembeni, na muda hupotea katika maduka ya mazulia na mafuta ya argan. Uliza vituo hivyo ni vingapi. Mwongoza watalii rasmi hubeba kitambulisho kinachotolewa na wizara ya utalii, naye hakasirishwi na ombi la kukiona. Lipa arbuni ndogo, upate risiti yenye jina la erg, jina la kambi na saa za kufika na kuondoka, na salio ulilipe kwa dirham utakazotoa mjini kabla ya kuanza safari.

Swali la mwisho linahusu asubuhi. Makundi mengi huamshwa gizani na kupandishwa ngamia mara moja ili gari liwahi kuondoka Merzouga, na jua huwachomozea wakiwa katikati ya msafara, mgongo ukiwa upande wake. Kambi ikikubali kukurudisha kwa gari baada ya kifungua kinywa, unabaki na muda wa kupanda tuta lililo nyuma ya mahema, kukaa juu ya ukingo wake, na kulingoja jua litoke upande wa Algeria.