Albamu ya bluu ya Leontyne Price: mwaka mmoja wa kuisikiliza

Naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na kwa miaka mingi niliamini kuwa noti ya juu hupatikana kwa nguvu. Ukifika pale pa kupanda unajaza kifua, unakaza shingo, unapiga ukelele. Kuna wakati niliimba hivyo mwezi mzima wa mazoezi mpaka koo likafunga, nikakaa siku tisa bila kutoa sauti. Katika siku hizo mwenzangu wa sauti ya pili alinitumia wimbo mmoja na ujumbe mfupi: "Dada, msikilize huyu anavyofika juu, halafu tutaongea." Alikuwa Leontyne Price, mwimbaji mweusi wa opera kutoka Marekani, akiimba aria (wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera) ya Aida kando ya mto Nile. Usiku ule niliurudia wimbo huo mara sita au saba. Kesho yake nikaitafuta albamu nzima.

Albamu inaitwa kwa jina lake tu, lakini wapenzi wa opera huiita albamu ya bluu kwa sababu ya rangi ya jalada lake. Ilirekodiwa Roma mwaka 1960 na kampuni ya RCA Victor, mwimbaji akiwa na miaka 33, pamoja na okestra ya jumba la opera la Roma. Waongozaji wa okestra ni wawili, Arturo Basile na Oliviero De Fabritiis. Aria ni kumi: nne za Verdi na sita za Puccini, watunzi wa opera wa Italia. Jumba lenyewe ndilo ambamo Tosca, opera ya Puccini, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Januari 1900, enzi hizo likiitwa Teatro Costanzi. Wapigaji wa okestra hii muziki huu wanaujua kama njia ya kwao, na unasikia hivyo: hawamkimbizi mwimbaji. Akitaka kukaa juu ya neno, wanakaa naye.

Nianze na Aida, opera ya Verdi, maana ndiko nilikoingilia. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, ametekwa, ni mtumwa Misri, na anampenda Radamès, jemadari wa Misri anayekwenda kupigana na baba yake. Katika "Ritorna vincitor" amekwisha kupaza sauti pamoja na umati, "Rudi na ushindi!", halafu anabaki peke yake na maneno aliyoyatamka. Ushindi juu ya nani? Juu ya baba yake na ndugu zake. Price anayarudia maneno yale kwa sauti ya mtu aliyejisikia mwenyewe akitukana. Chini kabisa sauti yake ina ukwaruzo kama moshi wa kuni, giza lake ni la kipekee, na hapo anautumia ukwaruzo huo bila kuuficha. Kisha anaingia kwenye sala ya mwisho, anawaomba miungu wamhurumie, na sauti inashuka na kuwa ndogo mpaka nilijikuta nimeinamia simu.

Aria ya pili, "O patria mia", ndiyo iliyonifanya ninyamaze kwa hiari. Inatanguliwa na obo, chombo ambacho ni ndugu wa zumari, kinalia peke yake kama mtu aliye mbali na kwao. Aida anaikumbuka nchi yake, mbingu zake, vilima vyake, na anarudia neno moja: mai più, kamwe tena. Karibu na mwisho sauti inapanda hadi C ya juu. Verdi aliandika juu ya noti hiyo neno dolce, yaani kwa upole, kwa utamu. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Ni rahisi zaidi kuipiga C ile kwa kishindo na kupata makofi. Price anaipandia taratibu, kama mtu anayepanda ngazi huku amebeba mtoto aliyelala. Akifika juu hakuna mkwaruzo wala mtikisiko. Noti inang'aa ikiwa bado laini, halafu anaishusha kwa pumzi ile ile.

Niliimba miaka yote ile bila kujua kwamba kuimba kwa upole kule juu kunataka kuitawala pumzi zaidi kuliko kupiga kelele. Nililala chali sakafuni na kitabu juu ya tumbo, nikajaribu kufuata kishazi kile (kwa noti za chini zaidi, bila shaka, C ya juu si yangu), kitabu kikawa kinaanguka kabla sijafika nusu. Ndipo nilipoelewa kazi aliyokuwa akiifanya mwanamke huyu huku akionekana hafanyi chochote.

Price alizaliwa mwaka 1927 Laurel, Mississippi. Mama yake alikuwa mkunga na mwimbaji wa kanisani, baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Akiwa na miaka tisa mama yake alimpeleka mjini Jackson kumsikiliza Marian Anderson, mwimbaji mweusi mashuhuri. Hiyo ilikuwa Marekani ya ubaguzi wa wazi wazi, na Anderson mwenyewe hakupewa nafasi ya kuimba Metropolitan Opera ya New York mpaka Januari 1955. Price aliwahi kusema kwamba akiimba Aida, ngozi yake ndiyo vazi lake. Nikilikumbuka neno hilo, "nchi yangu" ya aria ile hainipitii sikioni tu. Sijui mwimbaji mwingine ambaye kwake uchungu huo unasikika kuwa jambo la nyumbani namna hii.

Aria mbili za Il trovatore, opera nyingine ya Verdi, ni za mhusika aitwaye Leonora, na Leonora ndiye aliyemfungulia mlango wa Metropolitan tarehe 27 Januari 1961, miezi michache tu baada ya kurekodi albamu hii. Usiku ule makofi ya mwisho yanasimuliwa kuwa yalidumu zaidi ya dakika 40. Ukisikiliza "D'amor sull'ali rosee" hapa utaelewa kwa nini. Leonora amesimama gizani chini ya mnara ambamo mpenzi wake amefungwa, anautuma wimbo wake upae kwa mabawa ya mapenzi. Mistari ni mirefu mno, na Price haikati. Kila mahali ambapo mimi ningevuta pumzi, yeye anaendelea.

"Tacea la notte placida" sina budi kuisema kwa ukweli: nusu ya kwanza, ya polepole, ni nzuri sana, lakini katika sehemu ya haraka inayofuata, konsonanti zinayeyuka. Mtu anayefuata maneno ya Kiitaliano kwenye karatasi atapotea, kama mimi nilivyopotea. Sauti imetimia, neno limebaki nyuma. Huo ni upungufu, na unajitokeza tena hapa na pale kwenye albamu, hasa anapokuwa juu. Kwangu haukuharibu kitu, ila mpenda maneno ataugundua mapema.

Upande wa Puccini naupenda kwa namna nyingine. "Un bel dì" ya Madama Butterfly nilikuwa nimeisikia mara nyingi kabla, karibu kila mara ikipigwa kama wimbo wa ushindi. Hapa inaanza kwa sauti ndogo, juu moja kwa moja, kana kwamba Butterfly, mwanamke wa Kijapani anayemsubiri mumewe, anauona kweli ule uzi wa moshi wa meli ukitokea mwisho wa bahari na anaogopa kuutisha. Anasimulia jinsi mume atakavyorudi, hatua kwa hatua, na unamwona anavyojijengea imani kwa maneno yake mwenyewe. Aria ya kumuaga mtoto, "Tu? tu? piccolo Iddio", huwa siisikilizi nikiwa na watoto karibu. Nimeishindwa mara mbili, nikaisitisha katikati.

"Vissi d'arte" ya Tosca ni nzuri. Sitasema zaidi, kwa sababu jirani yake ameifunika. Jirani huyo ni aria fupi ya La rondine, opera ambayo watu wengi hawaijui, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Monte Carlo mwaka 1917. Mshairi mmoja ameanza wimbo kuhusu msichana aitwaye Doretta na ameshindwa kuumalizia, na Magda, mwenye nyumba, anauchukua na kuumaliza. Ni dakika chache tu. Lakini sauti inavyofunguka pale juu, bila ngazi, bila onyo, ni kama mtu amefungua dirisha kwenye chumba ulichodhani hakina dirisha. Ukiwa na muda wa wimbo mmoja tu, anza na huu.

Sasa mambo ya usikilizaji wenyewe. Spika ya simu haifai kabisa. Albamu hii ina tofauti kubwa kati ya kimya na kishindo, na kwenye spika ndogo zile sehemu laini zinapotea, nawe unaongeza sauti, halafu dakika inayofuata unaruka. Tumia hedifoni, au redio yenye spika za maana, na chagua saa ambayo nyumba imetulia. Sauti ya kurekodi ni safi kuliko nilivyotarajia kwa kitu cha mwaka 1960. Ipo mivumo midogo ya utepe nyuma, na kwenye noti kubwa mbili tatu maikrofoni inalemewa kidogo. Baada ya aria ya pili sikuisikia tena.

Kilichoniudhi ni kuisikiliza kupitia programu ya muziki ya bure niliyokuwa nayo. Tangazo la biashara liliingia mara tu baada ya Butterfly kumuaga mwanawe. Nilivua hedifoni nikaziweka mezani. Tena hakukuwa na maneno wala tafsiri wala hata mstari mmoja wa kueleza nani anamwimbia nani. Opera bila maneno ni nusu ya mlo. Nilitafuta maandishi ya aria zote kumi, nikayanakili kwa mkono kwenye daftari, Kiitaliano kushoto na Kiswahili changu kulia, na tangu hapo albamu ikawa nyingine kabisa. Baadaye nilinunua CD. Ukiweza kupata toleo lenye kijitabu cha maneno, usisite.

Aria mbili za Turandot, opera ya Puccini, huwa naziweka mwisho. Liù ni kijakazi anayempenda mwana wa mfalme ambaye hamtazami, na sababu yake yote ni kwamba siku moja, zamani, alimtabasamia. Katika "Signore, ascolta" anamsihi asijiingize kwenye hatari, na noti ya mwisho ya Price inaanza kama uzi, inakua, inajaa, bila kubadilika rangi. Hiyo nimeirudia kuliko kitu chochote kwenye albamu hii. Halafu inakuja "Tu che di gel sei cinta", maneno ya Liù kwa binti mfalme mwenye moyo wa barafu, muda mfupi kabla ya kujiua. Puccini alifariki mwaka 1924 akiwa ameumaliza muziki hadi kifo cha Liù na si zaidi, na opera hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza La Scala, jumba la opera la Milano, tarehe 25 Aprili 1926, mwongozaji Toscanini alisimamisha okestra mahali hapo.

Price haimbi aria hii kwa machozi. Anaimba wima, kama mtu aliyekwisha kuamua, na katika mstari wa mwisho sauti inasimama tu. Kila nikifika hapo nabonyeza kitufe cha kuzima kabla disiki haijaacha kuzunguka, kisha nakaa kidogo kabla ya kuwasha taa.