Shule ya parokia mpakani: maoni ya mzazi kuhusu sala, chakula na sadaka za watoto

Wazazi wengi wa huku mpakani mwa Uganda na Kenya, kati ya Busia na Tororo, wakitafuta shule huuliza kwanza PLE (mtihani wa mwisho wa shule ya msingi Uganda) ya mwaka jana ilikuwaje na wangapi walipata daraja la kwanza. Wana haki ya kuuliza. Lakini shule ya Kikatoliki huahidi zaidi ya alama, na mzazi anapaswa kuipima kwa ahadi yake. Mimi naipima kwa sufuria ya posho, yaani ugali wa mahindi. Mtoto ambaye kwao hawakuleta kitu muhula huu anakula nini saa saba, na nani anajua kwamba hawakuleta? Kwa kipimo hicho, shule tunayosomesha watoto wetu inawazidi wengi. Yapo pia mambo yanayoniudhi, nayo nitayasema.

Ni shule ya serikali iliyoanzishwa na Kanisa, iliyo chini ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza Uganda 1997. Serikali hulipa walimu na kutuma ruzuku, nalo Kanisa, kwa kuwa ndilo mwanzilishi, lina wajumbe wake kwenye kamati ya uongozi wa shule. Chakula hakimo kwenye ruzuku. Sheria ya Elimu ya 2008 imemwachia mzazi jukumu la kumlisha mtoto, na sheria hiyohiyo hairuhusu mtoto arudishwe nyumbani kwa sababu mchango haujatolewa. Hapo katikati ndipo watoto hushinda na njaa: hawafukuzwi, lakini hawalishwi.

Mtoto wa kutwa anaombwa kilo 20 za mahindi na kilo 5 za maharagwe kwa muhula, au pesa kwa bei ya soko ya wiki hiyo. Hesabu imebandikwa nje ya ofisi, na ukiifuata inakubali. Siku za masomo ni kama 65. Posho ya mtoto mmoja ni gramu 150 za unga, uji wa saa nne gramu 50, maharagwe gramu 75. Unga wa siku zote hizo ni kilo 13. Mahindi yakikobolewa na kusagwa namba moja, yaani unga mweupe wa sembe, kilo 100 hutoa unga wa kilo 60 hadi 70 tu, zinazobaki ni pumba. Kwa hiyo kilo 13 za unga zinataka kilo 20 za mahindi. Mzazi anayelalamika kwamba shule inakula mahindi yake, mara nyingi hajahesabu pumba. (Pumba zetu huuzwa kwa wafuga nguruwe na pesa hununua chumvi na kuni. Uliza shule yako pumba huenda wapi.)

Kisha kuna kilo ya 21. Mzazi anayeweza huongeza kilo moja juu ya zile 20. Familia 20 zikifanya hivyo, mtoto mmoja amepata posho na uji muhula mzima. Hakuna hotuba wala harambee. Mwenye kupokea hupima, huandika 21 kwenye daftari, basi. Orodha ya watoto wanaolishwa na kilo hizo wanaijua watu watatu: mwalimu mkuu, sista wa chakula na mwalimu wa darasa. Kadi ya chakula ni rangi moja kwa wote, mstari ni mmoja, na mwiko wa posho ni uleule. Najua shule, hata za Kanisa, ambako watoto wa msaada hupakuliwa mwisho, au husimamishwa mbele ya wenzao siku mfadhili anapokuja na kamera. Mtoto wa P.4 (darasa la nne) aliyewahi kusimamishwa hivyo huanza kukosa shule siku za wageni. Sadaka inayomuumbua anayeipokea si ya kujivunia, na shule hii imelielewa hilo vizuri kuliko jambo lingine lolote inalolifanya.

Adui mkubwa wa mpango huu ni unyevu. Debe moja la mahindi mabichi likimwagwa kwenye gunia kavu, gunia zima huota ukungu, na ukungu wa mahindi huzaa sumukuvu ambayo haitoki hata ukipika posho mpaka iungue. Mlangoni kwa stoo kuna chupa ya glasi iliyo kavu na chumvi iliyoanikwa. Mpokeaji hutia mahindi hadi robo ya chupa, huongeza vijiko viwili vya chumvi, hufunga, hutikisa kwa dakika moja, kisha huiacha itulie. Chumvi ikishuka yote chini, mahindi yanapokelewa. Ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, na mzazi huelekezwa kwenye turubai uani ayaanike mwenyewe. Wengine hukasirika, hasa waliokuja na boda boda kutoka mbali. Nawaomba wavumilie, kwa sababu wanaokula ni watoto wao. Maharagwe huangaliwa matundu ya wadudu na hulowekwa usiku kucha kabla ya kupikwa. Yasipolowekwa hula kuni nyingi na mpishi huishia kuyapakua yangali magumu.

Upande wa sadaka za watoto wenyewe, shule inafuata Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa wazo la watoto kuwasaidia watoto: Salamu Maria moja kila siku na sadaka ndogo. Hapa kwetu sadaka ndogo ni kopo. Kila Ijumaa ya Kwaresima, mtoto huleta kopo la nusu lita la mahindi au maharagwe, anayeweza. Kopo hilo la mahindi ni kama gramu 360, kwa hiyo Ijumaa sita za muhula humfikisha mtoto mmoja kwenye kilo 2 na kidogo. Hukusanywa baada ya Njia ya Msalaba, na asiye na kopo hubeba ndoo ya darasa hadi stoo. Hilo la ndoo ni dogo, lakini linamfanya asiye na kitu awe na kazi mkononi wakati wenzake wanamimina.

Sabuni na nguo hukusanywa siku nyingine na kuwekwa chumba kingine. Hii si urasimu. Unga au mahindi yakilala na sabuni ya mche wiki moja huchukua harufu, na posho yake mtoto haigusi. Nguo zipelekwe zimefuliwa, zina vifungo, na zinavalika. Usipeleke shati ambalo usingemvika wa kwako.

Kosa la shule kwenye Kwaresima ni kushindanisha madarasa. Ubaoni huandikwa P.3 kilo kadhaa, P.6 kilo kadhaa, na darasa lililoongoza kwa uzito hupigiwa makofi. Matokeo yake, watoto hulazimisha wazazi, wengine huchota mahindi ya mbegu nyumbani, na wale wa orodha ya siri wanajikuta ndio waliolishusha darasa. Jambo lililofichwa kwa uangalifu mezani linafichuliwa ubaoni. Tumelisema kwenye mkutano wa wazazi na walimu (PTA), na ushauri wangu ni kutangaza jumla ya shule nzima tu.

Jumamosi, watoto wa P.5 hadi P.7 huwatembelea wazee wasio na watu, wakiongozana na jumuiya ndogo ndogo za parokia. Taratibu ni kali, nami nazikubali zote: ruhusa ya mzazi kwa maandishi, watu wazima wawili kwa kila kundi, mtoto haingii ndani ya nyumba peke yake, picha hazipigwi, na saa sita wote wawe wamerudi. Kazi ni kuchota maji, kufagia uwanja, kupasua kuni ndogo, kukandika ukuta ulioporomoka. Jerikani ziwe za lita 5 au 10. Ile ya lita 20 ni mzigo wa mtu mzima, na kikundi kikiibeba hurudi na watoto wawili wanaolalamika shingo. Zamani ziara zilikuwa za Kwaresima tu, bibi mmoja akapata wageni kila wiki Machi na asipate hata mmoja Agosti. Sasa kila darasa limepewa kijiji chake cha mwaka mzima, na jumuiya ndiyo hutaja nyumba, kwa kuwa inajua nani kweli hana mtu na nani ana mtoto mwenye duka Kampala.

Mwishoni mwa Mei ndipo shule hii huonekana ilivyo. Mahujaji kutoka Kenya huvuka mpaka kwa miguu kwenda Namugongo, karibu na Kampala, kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya 3 Juni, siku Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka 1886. Kutoka Busia hadi Kampala ni karibu kilomita 200, na wengine wamekwisha kutembea siku nyingi kabla ya kufika hapa. Madarasa huwa vyumba vya kulala, madawati hupangwa nje, mikeka hutandikwa. Maji ya kunywa yaliyochemshwa hukaa kwenye jerikani zenye vifuniko na kitambaa cheupe shingoni. Ya kunawa na kuoga hukaa kwenye mapipa. Bila alama hiyo, gizani watu huchanganya, na tumbo la kuhara njiani humkatiza hujaji safari. Hesabu lita 20 kwa kila mtu kwa usiku mmoja, ukipunguza kuna watakaolala bila kunawa. Watoto wa P.6 hubeba mabeseni ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa ajili ya miguu. Kufunga vidonda ni kazi ya sista muuguzi, mwenye glavu, naye hatoboi malengelenge yaliyo mazima, maana ngozi ya juu ndiyo bandeji bora. Asubuhi sakafu na vyoo husafishwa kwa Jik (dawa ya klorini), sehemu moja kwa sehemu sita za maji, iachwe dakika 10 kabla ya kupanguswa. Kinachoshindikana karibu kila mara ni vyoo. Mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya wanafunzi hujaa upesi, na parokia inafaa ichimbe vya muda mapema, kabla ya mvua, wakati udongo haujalowa.

Mtoto aliyemshikia beseni mgeni asiyemjua hahitaji mahubiri marefu kuhusu Kizito, yule kijana wa miaka kama 14 aliyekuwa mdogo kuliko mashahidi wote 22.

Kuhusu sala, ratiba ni ya kawaida: sala ya asubuhi mstarini, Malaika wa Bwana saa sita, Misa ya wanafunzi mara moja kwa wiki, rozari Mei na Oktoba. Watoto husoma masomo wenyewe, na mwalimu wa liturujia huwasikiliza siku moja kabla. Asiyeandaliwa humeza maneno na kanisa zima halimsikii. Wazazi Waislamu wa huku mpakani huuliza kama mtoto wao atalazimishwa. Hapa halazimishwi kwenda Misa, hubaki maktaba na mwalimu. Kwenye PLE, elimu ya dini imo ndani ya karatasi ya Maarifa ya Jamii, na mtahiniwa huchagua maswali ya Kikristo au ya Kiislamu. Muulize mwalimu mkuu waziwazi nani atamfundisha mtoto wako sehemu ya Kiislamu. Hapa kwetu shehe huja alasiri, lakini huja akipata nafasi, na huo ni upungufu.

Komunyo ya kwanza hukwamisha familia zinazohama kati ya Kenya na Uganda. Katekista hatapokea maneno, anataka cheti cha ubatizo kutoka parokia ile mtoto alikobatizwa. Ukihama, chukua nakala kabla hujaondoka. Kufuatilia baadaye huchukua miezi, hasa kama jina liliandikwa tofauti na lile la shuleni. Parokia imepiga marufuku magauni ya gharama: shati au gauni jeupe la kawaida, na lisilovaliwa tena hurudishwa kwa sista apewe mwingine mwaka unaofuata.

Manung'uniko yangu yaliyobaki ni mawili. La kwanza, P.7 huondolewa kwenye Misa na ziara muhula wa tatu ili wafanye mazoezi ya mtihani. Saa moja kwa wiki haimpandishi mtoto daraja, na wao, waliobeba beseni wakiwa P.6, ndio wangewafundisha wadogo. La pili ni daftari. Mahindi huandikwa vizuri sana, gunia kwa gunia, lakini pesa za sadaka husomwa kwa wazazi pale tu mtu anapouliza. Sidhani kuna anayeiba. Ila pesa isiyosomwa huzaa maneno, na maneno hupunguza kilo ya 21 kuliko ukame unavyoipunguza. Daftari lisomwe kila mkutano wa muhula: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, sahihi mbili.

Anayetaka nafasi ya P.1 aje Novemba, kabla shule hazijafungwa, akiwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na, kwa Mkatoliki, cheti cha ubatizo. Februari huwa kumejaa. Akifika, aombe kuona stoo kabla ya kuonyeshwa vikombe vya michezo: magunia yawe juu ya mbao, mbali na ukuta, na ile chupa ya chumvi iwe mahali pake.